Himoglobini ya Mja Mzito katika Vilima vya Ukambani

Katika zahanati na hospitali za Kitui na Makueni, tangu Tseikuru kaskazini hata Mtito Andei kwenye barabara kuu ya Mombasa, hakuna hesabu iandikwayo katika kitabu cha kliniki cha mja mzito ambayo huzungumzwa nyumbani kwa hofu nyingi na ujuzi mchache kama hesabu ya damu. Uzani wa mwili husahauliwa, kipimo cha mkojo aghalabu hakiulizwi, walakini mama akiambiwa kwamba damu yake ni 10.8, habari hiyo humfikia mume, mama mkwe na majirani kabla ya jua kutua, na kila mmoja wao huja na dawa yake. Nia yangu katika safu hii ni kueleza kwamba hesabu moja yaweza kuwa dalili ya siha kwa mama huyu na dalili ya maradhi kwa yule, na kwamba katika nchi ya vilima na ukame kama Ukambani kosa la kuisoma lina pande mbili: wako wanaotishwa bila sababu, na wako, ambao kwa maoni yangu ndio walio katika hatari kubwa zaidi, wanaotulizwa bila haki.

Himoglobini ni kitu chekundu kilichomo ndani ya chembe nyekundu za damu, nacho ndicho kichukuacho hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo, na kwa mja mzito kuipeleka hata kwenye kondo ambako mtoto huipokea. Tunapoipima hatupimi jumla ya himoglobini iliyo mwilini, bali twapima kiasi kilichomo katika desilita moja ya damu, yaani ukolezi wake. Na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo asili ya fadhaa yote. Mwaka 1964 Frank Hytten na Isabella Leitch, waliokuwa wakifanya kazi Aberdeen, Uskochi, walitoa kitabu kikubwa juu ya tabia ya mwili wa mwanamke wakati wa mimba, wakakusanya humo vipimo vya wakati wao na kuonyesha jambo ambalo kila mkunga anapaswa kulijua kwa moyo. Maji ya damu, ambayo kabla ya mimba ni kama lita 2.6, huongezeka kwa lita 1.25 hivi, na chembe nyekundu, ambazo ni kama lita 1.4, huongezeka kwa robo lita tu kwa mama asiyepewa madini ya chuma, na kwa mililita 400 hivi kwa mama aliyepewa.

Tufanye hesabu kwa mama mmoja wa kukadiria, aliyeshika mimba akiwa na himoglobini ya 12.5. Katika lita zake nne za damu alikuwa na himoglobini gramu 500. Mimba inapokomaa, na akiwa ametumia vidonge vyake barabara, damu yake yote imefika lita 5.65, na himoglobini yake yote imefika gramu 643 hivi. Ameongeza gramu zaidi ya 140 za kitu hicho cha thamani, na hata hivyo kipimo cha kidole kitamwambia kwamba ameshuka hadi 11.4. Mwenye kuitazama karatasi ataona upungufu, ilhali mwili umetajirika. Kushuka huko si ajali ya maumbile. Damu iliyoongezwa maji hupita kwa wepesi zaidi katika mishipa ya kondo, na hifadhi hiyo ya maji humkinga mama asizimie kwa haraka pindi damu imwagikapo wakati wa kuzaa. Kipimo hushuka tangu mwezi wa nne, hufika chini kabisa kati ya wiki ya 24 na ya 32, kisha huanza kupanda tena polepole kuelekea uzazi.

Kwa sababu hiyo kiwango cha juu si jambo la kushangilia daima. Mwaka 1995 Philip Steer na wenzake walichapisha London uchambuzi wa mimba 153,602, na ndani yake watoto waliozaliwa na uzani mdogo au kabla ya wakati walikuwa wachache kabisa kwa mama ambao kipimo chao cha chini kilikuwa kati ya 9.5 na 10.5, wale ambao damu yao haikushuka chini ya 10.5 walikuwa na hatari zaidi. Mama ambaye mimba yake imefika miezi saba na himoglobini yake ingali 13.5 astahili kupimwa shinikizo la damu kwa uangalifu kuliko kupongezwa, kwa maana yamkini maji ya damu yake hayakuongezeka ipasavyo, na hali hiyo huandamana na kifafa cha mimba na watoto wadogo. Walakini naomba matokeo hayo ya London yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kupuuza 9.8 ya mama wa Mutomo. Kinachodhuru au kisichodhuru si hesabu yenyewe bali sababu iliyoifanya ishuke, na sababu mbili zaweza kuandika namba moja kwenye kitabu.

Mpaka wa 11 uliwekwa katika taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1968, nao ukakaa vichwani mwa waganga na wakunga kwa miaka zaidi ya hamsini kana kwamba miezi yote tisa ya mimba ni mwezi mmoja. Mwaka 2024 Shirika hilo lilitoa mwongozo mpya ambao kwa muhula wa kwanza na wa tatu umebakiza 11, na kwa muhula wa pili ukateremsha mpaka hadi 10.5, kwa kuikubali ile kaida ya maji kuongezeka. Chini ya 7 ni upungufu mkali wakati wote. Basi mama mwenye 10.8 katika mwezi wa sita, kwa kipimo hicho peke yake, hana ugonjwa. Na mama mwenye 10.8 katika mwezi wa pili, kabla maji hayajaongezeka kwa kiasi cha kutajika, ana upungufu halisi, naye anaingia safarini akiwa na deni.

Hapo ndipo jiografia ya Ukambani inapoingia, na jambo hili naliona kuwa limesahauliwa mno. Mtu akaaye mahali pa juu huvuta hewa nyepesi, na mwili wake hufidia kwa kutengeneza himoglobini zaidi. Kwa hiyo kiwango kinachomtosha mtu wa Lamu au Kilifi hakimtoshi mtu wa mlimani. Mwongozo huohuo wa 2024 unaagiza kutoa 0.4 katika kipimo cha mtu akaaye kati ya mita 500 na 999 juu ya bahari, 0.8 kati ya mita 1,000 na 1,499, na 1.1 kati ya mita 1,500 na 1,999, kabla ya kumlinganisha na mpaka. Sasa tazama nchi yenyewe. Mji wa Kitui uko juu ya mita 1,100. Vilima vya Kilungu katika Makueni hupita mita 1,500 kwa mbali. Na Mtito Andei, katika kaunti iyo hiyo ya Makueni, iko chini ya mita 1,000. Mama watatu wakipimwa siku moja katika mwezi wa tatu wa mimba na wote wakaandikiwa 11.6, yule wa Mtito Andei husomwa 11.2 naye yu salama, yule wa mji wa Kitui husomwa 10.8, na yule wa Kilungu 10.5, nao wawili hao wana upungufu ambao karatasi imeuficha. Wote watatu wataambiwa kwamba damu yao ni nzuri. Hao wawili wa mwisho ndio niliosema wanatulizwa bila haki, na hakuna gharama yoyote ya kulirekebisha kosa hilo ila mkunga ajue zahanati yake imejengwa juu ya mita ngapi.

Kipimo chenyewe nacho kina adabu yake. Zamani zahanati zilitumia mrija wa Sahli, ambamo damu huchanganywa na asidi na kuongezwa maji tone kwa tone mpaka rangi yake ifanane na kioo cha mfano, na macho ya watu wawili yangeweza kutofautiana kwa gramu nzima. Siku hizi vimashine vidogo vya mkononi vimeenea, walakini hata mashine husema uongo ikipewa damu isiyo safi. Kidole kinachopimwa, cha kati au cha pete, kipate joto kwanza, hasa asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba katika vilima vya Mbooni. Kipanguswe kwa spiriti na kuachwa kikauke kabisa. Kichomwe kando ya ncha, si katikati. Matone ya kwanza yafutwe kwa pamba kavu, na tone lifuatalo litoke lenyewe bila kidole kukamuliwa. Muuguzi mwenye foleni ndefu hukamua, na kidole kikikamuliwa, maji ya nyama huchanganyika na damu, na mama huandikiwa upungufu asiokuwa nao. Ndiyo maana kipimo kimoja cha ajabu, kisicholingana na hali ya mama, kirudiwe kabla ya kuaminiwa.

Mtu atauliza, ni nini hasa kinachopunguza damu ya wanawake wa pande hizi? Katika pwani ya Kenya jibu la kwanza ni malaria. Kilifi, Caroline Shulman na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba dawa ya kuzuia malaria, ikipewa wanawake wa mimba ya kwanza, hupunguza upungufu mkali wa damu kwa zaidi ya theluthi, na tangu hapo dawa hiyo imekuwa sehemu ya kliniki za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria. Kitui na Makueni ni nchi za malaria ya msimu, na dawa hiyo ya kinga haitolewi huko kwa kila mja mzito. Kichocho kipo, hasa kandokando ya mito na mifereji ya umwagiliaji, na katika Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 1992, kilichunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi. Mama mwenye kuona damu katika haja yake na apimwe. Lakini mzigo mkubwa, kwa jinsi ninavyouelewa, ni wa madini ya chuma yaliyokosekana kabla mimba haijaanza.

Mimba moja hudai karibu miligramu 1,000 za chuma: kiasi cha 300 kwa mtoto na kondo, 500 hivi kwa zile chembe nyekundu zilizoongezeka, na zinazosalia hupotea mwilini kidogo kidogo kila siku kama kawaida. Katika miezi ya mwanzo hitaji halifiki miligramu moja kwa siku, na katika miezi ya mwisho hupita sita, kiasi ambacho hakuna sahani ya isyo wala muthokoi iwezayo kukitoa peke yake. Mwanamke aliyekula vema tangu ubinti wake aweza kuwa na akiba ya miligramu 300. Aliyezaa mwaka juzi, akanyonyesha, akashika mimba tena, na katikati akapita misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosa kunyesha, kama ilivyokuwa kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, hana akiba ya kutajwa. Katika ukame wa namna hiyo mbuzi huuzwa badala ya kuliwa, kunde mbichi hutoweka, na nguvu za mama huishia kwenye njia ya maji. Mwili wake haukuumwa na chochote. Umekopwa tu mara nyingi kuliko ulivyolipwa.

Hata hivyo nchi hii si maskini wa chuma, na ni huzuni kuona chakula chake kikidharauliwa kwa ajili ya vinywaji vyekundu vya dukani, kana kwamba rangi ndiyo damu. Gramu 100 za pojo kavu, ambazo Kitui na Makueni huuza kwa magunia hadi Nairobi na Mombasa, zina chuma miligramu sita au saba, na bitiruti, iliyopata sifa kubwa mno kwa wekundu wake, haina hata miligramu moja kwa uzani huo. Shida ya nafaka na kunde ni kwamba chuma chake kimefungwa, na mwili hukipokea kwa uchache, pengine sehemu tano katika mia. Lakini kuna mambo ya kukifungua. Pojo zilizolowekwa usiku kucha, uji wa wimbi au wa mawele ulioachwa uchachuke, tunda lenye uchachu likiliwa katika mlo uo huo, embe katika msimu wake, chungwa, ukwaju, au unga wa ubuyu unaopatikana tele Kibwezi, vyote hivyo huongeza kiasi kinachoingia damuni. Chai hufanya kinyume. Kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na chakula, au mara tu baada yake, chaweza kuondoa zaidi ya nusu ya chuma ambacho kingepokelewa, na katika nyumba nyingi za Ukambani chai huandamana na mlo kama chumvi. Sisemi iachwe, bali inywewe baada ya saa moja au mbili. Nyama ya mbuzi, hata kipande kidogo, hupokelewa vizuri yenyewe na huvuta chuma cha pojo kilicho kando yake.

Kuna desturi mbili za kusemwa wazi. Wako mama, na wazee wanaowashauri, wanaopunguza chakula katika miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa na kuzaa kusiwe kugumu. Desturi hiyo hatari yake huishia kwa mama na mtoto pamoja, kwa sababu ndiyo miezi ambayo mtoto huweka akiba yake ya chuma. Nyingine ni kula udongo. Geissler na wenzake walipowauliza wanawake wajawazito 275 katika pwani ya Kenya, 154 walisema hula udongo mara kwa mara, na walaji hao walikuwa na akiba ndogo zaidi ya chuma. Hamu ya udongo na isichekwe wala kukemewa. Ni sababu nzuri ya kumpima mama damu siku hiyohiyo.

Chakula hulinda akiba, walakini hakiwezi kulipa deni la mimba iliyokwisha kuanza, na hapo ndipo vidonge vinapohitajiwa. Serikali ya Kenya huwapa waja wazito kidonge kimoja kwa siku, chenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, ile kinga ambayo asili yake ilifumbuliwa na tabibu Lucy Wills alipowatibu wanawake wajawazito wa Bombay na kutangaza matokeo yake mwaka 1931. Wako waliohofu kwamba chuma kingewalisha vijidudu vya malaria, na hofu hiyo ilikuwa na hoja. Martin Mwangi na wenzake waliipima kwa wanawake 470 wa Nyando, Kisumu, mahali penye malaria kali kuliko Kitui, wakaona mwaka 2015 kwamba vidonge havikuongeza maambukizo, na watoto wa mama waliovimeza walizaliwa na uzani uliozidi kwa gramu 150 kwa wastani. Kwa watoto wa nchi ya njaa ya mara kwa mara, gramu hizo si haba.

Kwa nini basi vidonge hurudi nyumbani vikasahauliwa juu ya kabati? Kwa sababu mama huona choo chake kimekuwa cheusi akadhani amedhurika, na hakuna aliyemtangulia kumwambia kwamba weusi huo ni chuma kilichobaki tu. Kwa sababu ya kichefuchefu, ambacho hupungua kidonge kikimezwa usiku wakati wa kulala, hata kama tumbo lina chakula kidogo. Na kwa sababu wengi hufika kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa ya miezi mitano, wakapata vidonge vya miezi minne badala ya minane. Huduma ya uzazi bila malipo iliyotangazwa mwezi wa Juni 2013, na baadaye MakueniCare ambayo kuanzia 2016 iliziandikisha jamaa za Makueni kwa shilingi 500 kwa mwaka, zilifungua milango ya hospitali; kuja mapema ni jambo jingine, nalo hutegemea zaidi mume na mama mkwe kuliko tabibu. Mama ambaye damu yake imepungua, akamezeshwa vidonge sawasawa kwa muda wa wiki nne, na asipande hata gramu moja, hana haja ya kuongezewa lawama. Ana haja ya kutafutiwa sababu nyingine, kichocho, safura, maambukizo au ugonjwa wa chembe zenyewe, na hospitali za rufaa za Kitui na Wote zina maabara za kulitazama umbo la chembe zake. Chembe za damu iliyozimuliwa tu na maji huwa za ukubwa wa kawaida. Za damu iliyokosa chuma huwa ndogo na zimepauka.

Aliye chini ya 7, na hasa anayetweta akiwa amekaa, moyo ukimwenda mbio na miguu ikivimba, asingoje wiki nne wala mbili. Apelekwe hospitalini siku iyo hiyo. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistani, na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba mama mwenye upungufu mkali wa damu huwa na hatari kubwa zaidi ya kutoka damu nyingi baada ya kuzaa, na ya kufa kwa sababu hiyo, kuliko mwenye upungufu wa kadiri. Mwenye 11.4 akipoteza nusu lita hupoteza himoglobini gramu 57, akabaki na ya kutosha, mwenye 6.5 hana cha kupoteza, na kutoka Tseikuru au Ikutha hadi penye benki ya damu ni saa za barabara ya vumbi.

Na mtoto akiisha kuzaliwa, hesabu ya chuma haijafungwa. Mkunga akingoja dakika moja hadi tatu kabla ya kukata kitovu, damu iliyobaki katika kondo humwingia mtoto, ikamwekea chuma cha miezi yake sita ya kwanza, ambayo katika hiyo maziwa ya mama humpa chuma kidogo sana. Mama naye aendelee na vidonge vyake kwa wiki sita hadi kumi na mbili baada ya kuzaa, apimwe damu kabla hajaiacha kliniki ya mtoto, na shauri la kupanga uzazi apewe papo hapo pamoja na mumewe, ili mimba ifuatayo, ikiwa wataitaka, imkute akiwa na zile miligramu 300 ambazo safari hii hakuwa nazo.